Bado Mmoja Tu

Katika ukoo wa Siame wa Tunduma, jambo hili halizungumzwi Tabita akiwepo. Akishaaga na kuondoka, ndipo mtu husogeza kigoda, hushusha sauti na kuwaambia wageni: ilikuwa mchana kweupe, Tabita hakuwa mgonjwa wala mlevi, na mashahidi wapo. Baada ya hapo huangalia kwanza kama mlango umefungwa, ndipo huendelea.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya Pasaka, mvua za masika zikikaribia kuaga. Tabita, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Osea Siame, alikuwa fundi cherehani Dar es Salaam, fundi wa kuaminika, mwenye wateja wa kupanga foleni. Angel, mdogo wao wa mwisho, alikuwa aolewe Jumamosi na kijana wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, na gauni la harusi Tabita alilishona kwa mikono yake. Miezi mizima alikesha nalo. Kulisafirisha kwa basi, aliona litafika limekunjamana kama tambara la deki. Ndiyo maana Ijumaa ile akapanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yake, gauni likiwa ndani ya mfuko mrefu wa zipu, amelipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Ndege ilitua Songwe kabla ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, ukungu umelala juu ya mashamba, na hewa ilikuwa na ule ubaridi wa nyumbani ambao mtu wa Dar huusahau mpaka umpige usoni. Tabita akacheka peke yake. Akawasha simu kumtafuta Shadrack, mdogo wake anayemfuata, ambaye ndiye aliyeahidi kuja kumpokea.

"Dada, nisamehe," Shadrack alisema, nyuma yake honi za malori zikilia. "Gari limegoma hapa Mpemba. Klachi. Fundi yupo chini ya gari sasa hivi. Tafuta usafiri hapo hapo uwanjani, twende tukutane hotelini. Angel yupo kule anakusubiri ajaribu gauni."

"Sawa. Usihangaike."

"Lakini dada, chukua teksi ya hapo hapo uwanjani. Magari ya kuokotana barabarani siyaamini."

"Shedi, mimi nakuzidi umri. Unanifundisha kupanda gari?"

Wakacheka wote wawili.

Hoteli ilikuwa Tunduma mjini katikati, si mbali na mpaka, na kutoka uwanjani ni safari ndefu ya barabara kuu ile inayokwenda Zambia. Tabita alipiga kwanza simu mapokezi. Msichana wa mapokezi akamwambia kwa adabu kwamba gari la hoteli lipo, lakini limekwenda kuwachukua wakwe ng'ambo, na kwa foleni ya mpakani hawezi kumdanganya litarudi saa ngapi. Njia ya pili ilikuwa bajaji hadi barabara kuu, kisha asimamishe kosta. Akautazama ule ukungu, akautazama mfuko wake, akatikisa kichwa. Ikabaki teksi. Ilikuwepo moja tu, ya mzee mmoja mcheshi aitwaye Gwamaka, naye akafungua mlango wa nyuma kwa madaha. Harufu ya samaki wabichi ikatoka mlangoni kama mtu aliyekuwa amefungiwa.

"Ni maji tu yamemwagika, mwanangu," Gwamaka alisema. "Asubuhi nilibeba samaki wa Kyela. Nipe muda kidogo nipanguse."

"Baba, hili ni gauni la harusi."

"Basi ngoja nikatafute sabuni."

Alipokwenda kutafuta sabuni, ndipo Tabita akaliona lile gari. Lilikuwa limeegeshwa pembeni kabisa, karibu na geti, jeupe, safi, kana kwamba mvua haikulipata. Dereva alikuwa amesimama mbele yake, shati limepigwa pasi, mikono nyuma. Hakuita abiria kama madereva wengine. Alisubiri Tabita amwangalie, ndipo akasema, kwa sauti ya mtu wa kanisani:

"Tunduma mjini, dada? Bado mmoja tu. Ukiingia wewe, tumeondoka."

Tabita akachungulia. Mbele amekaa kijana mwembamba. Nyuma, upande wa dereva, mama mmoja wa makamo amejifunika kitenge. Viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe pe, kama vya sebuleni kwa bibi. Mama yumo, kijana yumo, gari safi. Nani angekataa?

Alitegemea dereva amfungulie mlango, kwa sababu mikono yake ilijaa. Dereva hakusogea.

"Fungua tu, dada," alisema. "Fungua mwenyewe."

Tabita akafungua, akaingia, akaulaza mfuko mapajani. Kiti kilikuwa cha baridi. Baridi ile ilipenya sketi, ikapenya ngozi, kama amekalia jiwe la mtoni. Mlango ukafungwa. Baadaye sana, akijaribu kukumbuka, hakuweza kusema kama ni yeye aliyeufunga.

Walipita daraja la Mto Songwe, wakaanza kupanda Senjele nyuma ya malori yanayokoroma. Tabita akatoa salamu. Kijana wa mbele akajibu bila kugeuka, "Shikamoo dada." Yule mama alitikisa kichwa tu. Dereva aliendelea kutazama barabara. Mvua ikaanza upya, nyembamba, na kioo cha kijana kilikuwa wazi kidogo kwa juu, kiasi cha mkono kupita. Maji yalikuwa yakimdondokea begani. Hakuyapangusa. Tabita akamwonea huruma, akataka kumwambia apandishe kioo, kisha akaona ni kujipendekeza kwa watu asiowajua. Akajaribu kumwandikia Shadrack kwamba amepata gari. Simu haikuwa na mtandao.

Ukungu ukaanza kutanda kwenye kioo chake kwa ndani. Akaufuta kwa kiganja. Ukarudi. Akatazama kioo cha yule mama. Kilikuwa kikavu, safi, unaona mpaka majani ya migomba nje. Akatazama kioo cha mbele. Kikavu. Ndani ya gari lile, mtu aliyekuwa akipumua alikuwa yeye peke yake.

Alijiambia ni uchovu wa safari. Mtu akiamka alfajiri, macho humchezea. Wakafika Mlowo. Akamwona mwanamke mwenye mwavuli mwekundu akiuza parachichi, ndoo moja miguuni, akimpungia mkono mtu wa upande wa pili wa barabara. Mlowo ikapita. Mahindi, kahawa, nyumba za matofali ya kuchoma, mahindi tena. Lori lililoharibika, matawi ya miti yamepangwa nyuma yake kuwaonya wenye magari. Vwawa ikapita. Moyo wake ukatulia. Baada ya Vwawa, Tunduma haikuwa mbali.

Kisha wakafika Mlowo.

Mwanamke mwenye mwavuli mwekundu. Ndoo moja miguuni. Akampungia mkono mtu wa upande wa pili.

"Dereva," Tabita alisema, "hapa si tumeshapita?"

Dereva hakupunguza mwendo.

Mahindi, kahawa, nyumba za matofali. Lori na matawi yake. Vwawa. Tabita akakaza macho barabarani, hakupepesa, akihesabu kila kibao, kila kanisa. Barabara haikukata kona wala kugeuka. Ilinyooka vilevile inavyonyooka siku zote. Na mbele, katika mvua, ukatokea mwavuli mwekundu.

"Shusha!" akapiga kelele. "Nishushe hapa!"

Akavuta kitasa. Kitasa kikaja mkononi kwa ulaini, kikarudi, hakikushika kitu. Akavuta tena. Akainua macho kwenye kile kioo kidogo cha dereva, ili angalau amwone mtu huyo usoni. Kioo kilionyesha siti yote ya nyuma. Kilimwonyesha yeye, na mfuko wake, na kitambaa cheupe cha kiti pale alipokaa yule mama. Kitambaa kilikuwa kitupu.

Akageuka. Yule mama alikuwepo, mikono juu ya magoti, anamtazama.

"Usipige kelele, mdogo wangu," alisema kwa mnong'ono. "Nasi tulipiga."

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Atuganile. Nilikuwa natoka Mbalizi."

"Lini?"

Atuganile akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa jambo la mababu. "Wakati ule," alisema hatimaye, "barabara hii ilikuwa bado inachimbwa."

Tabita akaanza kuomba. Zaburi alizozijua tangu utotoni zilikuja nusunusu, maneno yakikatika mdomoni. Alipofumbua macho, Mlowo haikuwepo tena wala Vwawa. Walikuwa kwenye foleni ya malori.

Foleni hii watu wa Tunduma wanaijua. Huanzia mpakani, siku mbaya hufika hadi Mpemba, lori nyuma ya lori, madereva wamekaa siku nzima, wengine wamewasha majiko ya mafuta chini ya matela wanapika. Gari jeupe lilikuwa limebanwa katikati. Mbele tela. Nyuma kichwa cha lori. Kulia tela. Kushoto, upande wa Tabita, ukingo wa barabara na watu wakipita na mizigo yao kwenye matope.

Watu! Akapiga kioo kwa viganja vyote viwili. Dereva mmoja wa Zambia, kijana mnene mwenye taulo shingoni, alikuwa akitembea karibu kabisa. Akasimama. Akageuka. Akasogea mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa Tabita, kioo tu katikati.

"Nifungulie! Nisaidie, kaka! Mukwai, tafadhali, nifungulie!"

Yule kijana akainamisha kichwa. Akachungua meno yake. Akalowesha kidole kwa mate, akalainisha nyusi zake, moja, kisha ya pili. Akajitazama kidogo upande, akaridhika, akaondoka akipiga mluzi.

Tabita aliacha kupiga kioo.

Hapo simu ikaita. Ilikuwa ni Shadrack. Kwa pupa akakosea kupokea, ikakata, ikaita tena.

"Dada, uko wapi? Gwamaka wa teksi kanipigia, namba yangu kaipata kwa watu wa hoteli aliyokusikia ukiipigia, anasema umemkimbia—"

"Shedi, njoo! Nipo Mpemba kwenye foleni, ndani ya gari jeupe. Mlango umegoma. Njoo unifungulie, Shedi, njoo sasa hivi!"

"Mpemba? Mbona mimi nipo hapo hapo! Tulia. Nakuja."

Simu ikakata. Mtandao ukapotea. Tabita akaegemeza kichwa, machozi yakimtiririka kwa faraja. Mdogo wake anakuja. Shadrack, ambaye alijifunza kutembea akishika sketi yake. Ana mke, ana mapacha wadogo, ana maneno mengi, lakini akiitwa huja.

"Umemwita," Atuganile alisema.

"Ni mdogo wangu. Atatufungulia wote."

"Mlango huu hufunguliwa kwa nje tu. Na anayeufungua huingia." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anamweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. "Mimi mume wangu alikuwa amekaa hapa. Nilikuwa natembea zangu, nikamwona anagonga kioo. Mumeo akigonga, utaacha kumfungulia? Nilifungua. Nikamwona anashuka, na mimi nimekaa. Hakugeuka nyuma."

Tabita alimtazama kijana wa mbele. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

"Na huyu?"

"Huyu Yonasi. Huyu alimfungulia mama yake mzazi."

"Na hapa nilipokaa mimi?"

Atuganile akageuza uso, akatazama tela lililokuwa nje ya kioo chake. "Alikuwepo mzee. Alichoka kusubiri, akaisha."

Tabita akaishika simu. Hakuna mtandao. Akaandika ujumbe: USIJE. Ujumbe haukwenda. Akaandika tena. Haukwenda. Akainua simu juu kwenye dari la gari, akaishusha sakafuni, akaisukuma kwenye kioo. Haukwenda.

Kisha akamwona.

Shadrack alikuwa anakuja mbio ndogondogo kandokando ya malori, matope yamemrukia hadi magotini, mikono myeusi kwa oili. Alikuwa anachungulia kila gari. Alikuwa anaita. Tabita hakumsikia, lakini alimsoma midomo. Dada. Dada Tabi.

"Atakuona," Atuganile alinong'ona. "Wengine hawaoni. Anayekutafuta huona."

"Nifanye nini?"

"Mwite. Wote tuliitwa."

Dereva hakugeuka. Lakini kisogo chake kilikuwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda.

Lori moja tu lilikuwa limebaki kati yao. Tabita aliutazama mlango. Ilikuwa ni kubisha tu. Abishe mara moja, na kesho awe kanisani, amesimama nyuma ya Angel, ananyoosha mkia wa gauni. Gauni! Akaufungua mfuko kwa nguvu mpaka zipu ikakatika. Akalitoa lote, yadi kwa yadi ya kitambaa cheupe, akalibandika kwenye kioo kwa mikono miwili, akajikunyata nyuma yake, magoti kifuani, uso ndani ya hariri. Akaziba pumzi.

Kivuli kikasimama nje.

Aliona umbo la kichwa cha mdogo wake kupitia kitambaa. Liliinama. Likakaribia. Vidole vikagonga kioo, taratibu.

"Dada?"

Safari hii alisikia. Sauti ilikuwa karibu kabisa na sikio lake. Tabita akaung'ata mkono wake mwenyewe. Aliuma mpaka akasikia chumvi ya damu.

"Dada Tabi, umo humu?"

Atuganile alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Hakuvuta. Alishika tu. Mkono wake haukuwa na uzito wowote.

Kivuli kikanyooka. Kikaondoka.

Mvua ikapiga paa. Kisha sauti ya dereva, ile ile ya kanisani, ikasema polepole, "Umefanya nini?" Na gari, ambalo halikuwa na nafasi hata ya kusogea kidole, likaanza kutembea.

Ndipo Yonasi alipolia. Alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni, kwa kwikwi, bila machozi. "Mama hakufanya hivi," alisema. "Mama aliniona nakuja. Alinigongea."

"Yonasi," dereva akasema.

Kijana hakumsikiliza. Aliingiza mkono wake wa kushoto kwenye ule uwazi wa kioo chake. Mkono ukatoka nje mpaka kiwiko, ukatoka mpaka begani, ukakunjwa kurudi nyuma. Tabita akasikia vidole vikipapasa bati la mlango wake kwa nje.

"Wa kwangu nimejaribu, haukubali," Yonasi alisema, akihema, yeye ambaye hakuwa na pumzi. "Wa mtu mwingine sijajaribu. Sikuwahi kuona mtu wa kumfanyia."

Kioo chake kikaanza kupanda. Hapakuwa na mtu aliyekigusa. Kilipanda juu ya mkono. Kilikaza. Kitu kikavunjika, kama kuni kavu. Yonasi hakuurudisha mkono.

Kitasa kikalia.

Mlango ukafunguka na Tabita akaangukia matope, gauni likimfuata. Gari lilisimama kidogo, labda kwa sababu ya ule mkono. Alijiinua kwa magoti. Uso wa Yonasi ulikuwa pale, juu yake, nyuma ya kioo. Kijana mdogo kuliko alivyomdhania, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Tabita akanyoosha mkono kwenye kitasa cha mlango wake.

"Usiguse, dada!" Sauti ilipita kwenye uwazi mwembamba. "Ukigusa umerudi. Sikia. Mama yangu ni Elizabeti, wa Itaka, nyumba ya juu ya mtambo wa kahawa. Mwambie nipo."

"Yonasi—"

"Mwambie tu nipo."

Gari likaingia kati ya malori mawili, mahali ambapo hata mbuzi asingepita. Halikutokea upande wa pili.

Shadrack alimkuta amekaa chini kwenye matope, amekumbatia lundo la kitambaa, midomo ina damu. Alimnyanyua, akamvika koti lake, akamuuliza maswali kumi kwa pamoja. Tabita alitaka kujua jambo moja tu: aliona nini?

"Niliona gari jeupe, kioo kimezibwa na kitambaa cheupe," Shadrack alisema. "Nikadhani watu wamebeba msiba. Niligonga mara moja, nikaona aibu kuwachungulia wafiwa. Dada, wewe ulikuwa wapi?"

Mzee Gwamaka naye alieleza lake, na mpaka leo hajalibadilisha. Alirudi na sabuni yake akamwona yule binti akitoka getini kwa miguu, mfuko mikononi, akizungumza na mtu ambaye hayupo. Alimwita. Binti akaingia kwenye ukungu. Kutoka wakati ule mpaka Shadrack alipompata Tabita kwenye simu, Gwamaka alikuwa hajamaliza hata kupangusa siti.

Harusi ilifungwa. Gauni lilifuliwa usiku ule na shangazi zake, likapigwa pasi asubuhi, na Angel akapendeza mpaka wakwe wakapiga vigelegele kwa Kibemba. Tabita alisimama nyuma yake akinyoosha mkia wa gauni. Alitabasamu kwenye picha zote. Lakini tiketi yake ya kurudi Dar aliiacha ipite, na Jumatatu akamwambia Shadrack, "Nipeleke Itaka."

"Dada, achana na jambo hili. Umetoka. Shukuru Mungu."

"Kuna mtu hajatoka."

Gari lilikuwa limetengenezwa. Njia nzima Tabita alishusha kioo chake mpaka chini, mvua ikimpiga, mkono wake ukiwa nje, juu ya kitasa.

Nyumba juu ya mtambo wa kahawa waliipata bila kuuliza sana. Mwanamke mzee alikuwa barazani, ungo mapajani, anachambua maharage. Shikamoo, marahaba, karibuni viti. Jirani yake, mwanamume aitwaye Nsajigwa, alikuwa akimrekebishia uzio wa kuku, akawasalimia naye kwa mbali.

"Mama Elizabeti," Tabita alisema, "nimetumwa na Yonasi."

Vidole viliendelea kuchambua. Zuri huku, bovu kule.

"Yonasi alivuka mpaka," mwanamke alisema. "Yuko Kitwe, anatafuta maisha. Miaka mingi sasa. Kila mtu hapa anajua."

"Amesema nikwambie yupo."

Vidole vikasimama. Kuku walikuwa wakilia. Chini kule, mtambo wa kahawa ulikuwa ukinguruma, kisha ukanyamaza, na katika ukimya ule Elizabeti akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Bado anakaa mbele?"

Shadrack alisimama. Alitembea mpaka kwenye gari lake na hakurudi barazani.

Elizabeti hakulia. Alisimulia macho yakiwa kwenye ungo. Alikuwa akitoka Songwe na mzigo, na kijana wake alikuja Mlowo na baiskeli kumpokea. Alijua kitakachotokea, kwa sababu aliyekuwa amekaa nyuma yake alimwambia, kama Atuganile alivyomwambia Tabita. Alijua, na akabisha kioo. "Niliogopa, mwanangu," alisema. "Hofu ile si ya kusimulia. Nilishuka nikachukua baiskeli yake, nikaisukuma mpaka hapa. Sijawahi kuipanda. Walipouliza, nikasema Kitwe."

Tabita alimshika mkono. Walipoaga, mwanamke aliwasindikiza hadi barabarani, akatazama mawingu.

"Ilikuwa mvua nyembamba namna hii?" aliuliza. "Yenye ukungu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nendeni salama."

Yaliyobaki aliyasimulia Nsajigwa. Anasema siku chache baada ya wageni wale, ukungu ulishuka tangu asubuhi na mvua nyembamba ikaanza. Elizabeti alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akafunga nyumba kwa kufuli, na kumletea yeye ufunguo ili amlishie kuku. Nsajigwa akamuuliza anakwenda wapi kwenye mvua ile. Akajibu kwamba anakwenda barabara kuu kumpokea mwanawe. Alisema hivyo akiwa na furaha, furaha ya mtu anayekwenda kubatiza mjukuu. Watu wa Mlowo walimwona amesimama kando ya lami chini ya mvua, anatazama upande wa Songwe. Baadaye hawakumwona tena. Alitafutwa siku nyingi, mpaka ng'ambo ya mpaka. Hakupatikana.

Asubuhi iliyofuata ile siku ya mvua, Nsajigwa alikwenda kuwafungulia kuku. Kufuli lilikuwa mlangoni kama lilivyoachwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yake. Juu ya ngazi, vimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino, ncha zikielekea ndani, palikuwa na viatu vya kiume, vya mtindo ambao haujauzwa dukani siku nyingi, vimejaa udongo mwekundu mbichi.

Alidhani vimetupwa na mpita njia. Akainama kuvitoa, akaingiza vidole ndani ya kimoja.

Ndani mlikuwa na joto.